Moyo Uliopigwa Msasa

Mwanafunzi wangu wa Spring Valley, Nairobi, alikuwa na ukuta mmoja ambao hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuupangusa vumbi. Alikuwa mwanamke kutoka Meksiko, wa rika langu, na mimi nilikuwa nikienda kwake kila Jumanne na Ijumaa kumfundisha Kiswahili. Kwenye ukuta huo alikuwa ametundika mapambo ya mbao ya kwao: jua lenye uso wa mtu na mashavu manene, samaki wawili, barakoa ya chui yenye meno ya nguruwe wa kweli, na katikati moyo mkubwa kama sinia ya chai, mwekundu, wenye maua ya njano na majani ya kijani pembeni. Vyote vilichongwa na kupakwa rangi kwa mkono. Siku ya kwanza kuviona nilishtuka nikadhani nimeingia kwa mganga. Nilimwambia hivyo hivyo, naye akacheka hadi akakohoa.

Moyo ule ulichongwa na fundi wa kijijini kwao, lakini aliyeupaka rangi ni mama yake, miezi michache kabla ya kufa. Nalijua hilo kwa sababu ndilo jambo refu la kwanza aliloweza kulisema bila kuchungulia daftari: "Mama yangu alipaka rangi hii kwa mkono wake." Hakuwa na kitu kingine chenye mkono wa mama yake. Hata barua hakuwa nayo, maana mama huyo hakujua kuandika.

Basi Jumanne moja, tukiwa katikati ya somo, msumari ukang'oka. Moyo ulianguka sakafuni ukapasuka kutoka juu hadi karibu na ncha. Mwenyewe alipiga magoti akaushika kwa mikono miwili. Mimi na huu mdomo wangu usiojua kusubiri nikadakia, "Baba yangu ni mchongaji. Ataunga, hata ufa hutauona. Ijumaa nakuletea."

Aliinuka akauweka mezani. Kisha akaufunga kwa taulo, akanikabidhi. "Rangi isiguswe, mwalimu," akasema.

"Haitaguswa," nikajibu, tena kwa maringo.

Baba ninaishi naye Mountain View tangu mama afariki, huu ni mwaka wa nne. Ni mtu wa Ukambani, na amechonga tangu utotoni. Alikuwa fundi mwenye kiburi. Kuna wachongaji wa mjini wanaochukua mjakaranda, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu na kumuuzia mtalii eti ni mpingo. Baba aliwaita wezi, na aliwaita hivyo mbele yao. Yeye alitumia rangi ya viatu ya kahawia tu, kidogo sana, ili mbao ing'ae. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa za mtu anayeficha mbao mbovu.

Kazi aliiacha miaka miwili iliyopita, akasingizia mgongo. Tangu hapo akawa mtu wa kiti na redio, na kituko cha nyumba. Aliwahi kwenda kanisani na soksi moja ya bluu na nyingine ya kijani, nikamcheka njia nzima. Nilimtuma nyanya zilizoiva akarudi na mbichi tupu, nikamfokea kwamba mama mboga amemwona mjinga.

Nilimwekea moyo mezani. "Gundi tu, baba. Gundi, basi."

Alikuwa ameshafumba macho, akipitisha kidole gumba juu ya mbao. Wachongaji wa kwao hukagua kazi kwa kidole, kwa hiyo sikuona ajabu. Uso wake ulichangamka kuliko nilivyouona tangu mazishi. "Hii ni mbao mzuri," akasema. "Lakini waliichafua." Nilikuwa nimeinama natafuta kiatu changu, sikulitilia maanani.

Alhamisi nilirudi saa kumi nikamkuta amesimama mlangoni, amevaa shati safi, moyo ameushika kifuani. Nilichokiona sikukielewa mara moja. Nyekundu haikuwapo. Maua hayakuwapo, wala jani hata moja. Palikuwa na mbao inayong'aa, na chini, karibu na beseni analokusanyia unga wa mbao, karatasi za msasa zilizochakaa. Kisha nikapiga kelele hadi jirani wa juu akafungua dirisha.

"Baba! Umefanya nini? Nilisema gundi! Rangi iko wapi?"

"Rangi gani?" akauliza. "Ile uchafu? Ilikuwa inabanduka, nikaisikia na kidole. Nimetoa yote. Hebu angalia sasa, pande zote rangi moja."

Hapo nilishtuka mara ya pili, na mshtuko huo ndio ulionikalisha chini. Upande wa kushoto wa moyo ulikuwa wa kahawia. Upande wa kulia ulikuwa mweusi ti. Karibu na beseni palikuwa na mikebe miwili ya rangi ya viatu: wake wa kahawia, na wangu mweusi ninaong'arishia viatu vya kazi. Baba yangu, aliyewaita wenzake wezi, alikuwa amepaka mbao rangi nyeusi na alikuwa akitabasamu.

"Baba," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "kitambaa changu cha kichwa ni rangi gani?"

"Si ni ile yako ya kila siku."

Kilikuwa kipya. Nilikuwa nimekinunua mjini asubuhi ile ile.

Alijua amenaswa. Akaketi. "Nyekundu ndio ilienda ya kwanza," akasema. "Kama miaka mbili hivi. Nilidhani itarudi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, mama, ungenifichia visu."

Ningezificha kweli, zana zake zote. Nilijichukia. Mimi ninayelipwa kuona makosa ya watu nilikuwa nimekula meza moja na mtu anayepofuka, nikamcheka soksi, nikamfokea kwa nyanya. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani.

Ijumaa alikataa niende peke yangu. Kwao mchongaji huipeleka kazi yake mwenyewe, iwe nzuri au mbaya. Mlangoni mwanafunzi wangu alimwamkia, "Shikamoo, mzee," salamu niliyomfundisha mimi ingawa Nairobi husikii wengi wakiitumia. Baba alisita, akaitikia, "Marahaba." Kisha hakungoja hata kukaribishwa.

"Mama, mimi ndio nimeharibu. Huyu mtoto wangu alisema gundi peke yake. Macho yangu imeisha. Nilidhani ni uchafu."

Yule mwanamke alituingiza ndani, akalifungua taulo. Alikaa sakafuni, pale pale moyo ulipoangukia, akasema, "Mama yangu." Niliogopa. Nilingoja atuambie tutoke, neno ambalo pia nilimfundisha mimi, na ningelipokea. Alilia kwa muda mrefu huku akipapasa mbao. Halafu kidole chake kikasimama.

"Mwalimu, njoo uone."

Kwa ule mshtuko wa jana sikuwa nimekiona alichonionyesha. Katikati ya kahawia na nyeusi, kutoka juu hadi karibu na ncha, ulipita mstari mwembamba mwekundu. Ndipo nikakumbuka jinsi baba anavyoziba ufa: huchanganya gundi na unga wa mbao ile ile anayoipiga msasa. Na unga aliokuwa nao kwenye beseni ulikuwa ile rangi, na gundi ikishakauka hainywi rangi ya viatu.

"Kuna nini?" baba akauliza.

"Ufa ni mwekundu, baba. Umeuziba kwa rangi ya mama yake."

"Nyekundu?"

Yule mwanamke alimshika mkono, akakiweka kidole gumba cha baba juu ya mstari, akakivuta taratibu hadi chini. Baba alifumba macho. Akarudia peke yake mara ya pili, na ya tatu. Lakini alikuwa ameuziba ufa ule vizuri mno. Kidole kilipita kana kwamba mbao haijawahi kupasuka.

"Sisikii kitu," akasema.