Mlizika Nini?

Hadi leo nikisikia kinanda cha kanisani kikianza kwa zile sauti nzito, mwili hunisisimka, nami hujikuta nimerudi sebuleni kwetu Bukiriro, Jumapili mchana, harufu ya maharage ikitoka jikoni. Kinanda cha namna hiyo ndicho kilichofungua tamthilia aliyoipenda bibi yangu. Ilikuwa ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiswahili: jumba la mawe lililojaa popo, mjane wa nguo nyeusi, na vishindo vya miguu darini kila mvua iliponyesha.

Bibi hakuitazama kama sisi watoto. Aliipeleleza. Alisogeza kigoda hadi karibu na kioo cha televisheni, akamshuku mpishi, akamshuku daktari, hata padri wa mle ndani hakupona.

"Huyo anachekea menoni tu," alisema, nasi tukashika mbavu.

Jumapili moja mjane yule aliamuru kaburi la mumewe lifukuliwe. Jeneza likafunguliwa; ndani mlikuwa na mawe. Tulipiga kelele. Bibi aliinuka, akatoka hadi uani alikokuwa baba akigeuza kahawa juani, nami nikamfuata.

"Deusi mlimleta amefungiwa, mkanikataza kumwona. Mlizika nini?"

Deusi alikuwa mdogo wake baba. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Biharamulo, akarudishwa ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Mimi sikumkumbuka, nililijua kaburi lake tu, pale kwenye migomba.

"Mama, yale ni maigizo," baba alisema, macho kwenye kahawa.

"Nimekuuliza mlizika nini."

Baba aliendelea kugeuza kahawa. Kunyamaza kwake kulinitia wasiwasi, nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Bibi naye aliacha kuitikia salamu zake. Kila pikipiki iliyosimama barabarani, alitoka kuchungulia nani ameshuka.

Mwishowe baba alimwita Method wa kule Mugoma, aliyekuwa amechimba na Deusi na kuuleta mwili nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliuona uso wake?"

Method alimgeukia baba.

"Usimtazame huyo. Nitazame mimi."

"Uso haukuwapo, mama. Shimo lilimwangukia. Tulipigilia misumari ili usije ukamkumbuka vile."

"Basi ulijuaje ni yeye?"

"Mguu wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu."

Bibi alikaa chini, palepale juu ya kahawa iliyoanikwa uani.

"Ni jembe langu," alisema. "Alikuwa anatambaa nyuma yangu shambani, sikumwona."

Kisha akalia, kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na baba akachuchumaa akamshika mabega. Kesho yake walikwenda pamoja kupalilia kaburi.

Tamthilia hakuitazama tena. Nilidhani imemchosha. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akimchunguza mpishi wala daktari. Alikuwa akitafuta mahali pa kuuliza swali ambalo nyumbani kila mtu alilikwepa. Baba na Method walimficha ukweli kwa huruma, na huruma hiyo ikamwachia, kwa miaka yote ile, mtoto ambaye hakufa wala hakurudi.