Mezani kwa Mfalme wa China

Mwalimu wetu wa ngumbaru pale kijijini Rhotia aliwachukia sana wafalme wa China. Miaka ile ya sabini, akishatufundisha kusoma sisi akina mama, alikuwa anafunga kitabu na kutusimulia maisha ya kwenye kasri lao. Mfalme anaandaliwa vyakula vya kujaza chumba, mtumishi anaonja kila bakuli lisije likawa na sumu, na anayeingia kumwona anagusa sakafu kwa paji la uso. "Unyonyaji huo!" anasema, na sisi tunaitikia.

Siku moja tukaambiwa anakuja kiongozi mkubwa kutoka wilayani. Tulifagia barabara, tukapaka mawe chokaa, tukachinja mbuzi na kupika wali, chakula chetu cha Krismasi. Mwalimu akaingia jikoni na kijiko, akaonja kila sufuria. Eti usalama wa mgeni. Ya nyama aliionja mara mbili.

"Mwalimu," nikamwuliza, "na yule mtumishi wa China alikuwa anashiba hivi?"

Akafunika sufuria, akatutoa jikoni. Tukapangwa juani, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Jioni ikaja taarifa kwamba mgeni amepata dharura. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kuwa viongozi watakula kwa niaba yake. Wakaingia ofisini, mwalimu akafunga mlango, na sisi tukarudi kwenye makande yetu.

Kipindi kilichofuata mwalimu akaanza tena na mfalme wake. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia mfalme alikuwa mnyonyaji kweli, lakini angalau mezani alikuwa anakuja mwenyewe.