Mifupa Katika Karai Moja

Nilikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa Ruiru, wakati ule wa hali ya hatari, watu walipokatazwa kukusanyika bila kibali. Kwetu ni magharibi. Kule laini, kwenye vibanda vya vibarua, nilipika peke yangu, nikala peke yangu, kwa sababu wenyeji walinidhania mpelelezi. Nikipita, mazungumzo hukatika. Sioni haya kusema kwamba upweke ulinikondesha kuliko kazi, na kwamba nilitamani mtu yeyote tu aniite kwenye sufuria yake.

Kisha akaja kutoka Thika Mzungu mmoja, mtafiti wa mambo ya kale. Alitaka vibarua wawili wachimbe uwanja uliokuwa ng'ambo ya mto, ambapo zamani sana watu walikutana kuamua kesi na kula mbuzi. Nilichaguliwa mimi pamoja na mwenyeji mmoja wa makamo, mtu mkavu ambaye salamu yake ilikuwa kukohoa.

Siku ya tatu tulifikia mifupa chini ya majivu. Mzungu na mwenzangu walipokwenda kunywa chai, mimi na kiherehere changu niliing'oa yote, nikaiosha, nikaijaza kwenye karai moja. Nilingoja kusifiwa.

Mwenzangu aliporudi alishika kichwa. "Ngai! Umefanya nini wewe? Vichwa vya mbuzi ni vya wazee, vilikuwa upande huu. Mbavu ni za vijana, kule. Sasa tutajuaje nani alikaa wapi?"

Kumbe kila rika lilikuwa na kipande chake, na mfupa ulibaki pale mlaji alipoketi. Mkutano mzima ulikuwa udongoni, nami nikauvuruga kwa mikono yangu miwili. Mzungu alinuna. Mwenzangu ndiye aliyeumia, maana mikutano ya kwao ilikuwa imepigwa marufuku, na huu wa kale, uliosalia udongoni, alitaka auone.

Lakini hasira ilimfungua mdomo. Tulipoendelea kuchimba sehemu iliyobaki, alinieleza kila mfupa ulikuwa wa rika gani. Nikawa naamka na furaha, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Siku ya mwisho alileta nyama ya kuchoma, imefungwa kwa jani la mgomba. Tuliketi chini. Akakata kipande, akanipa kwa mkono wake.

"Hiki ni cha rika gani, ndugu?" nikamuuliza.

Alicheka kwa upole. "Hicho? Hicho ni cha mgeni."

Kilikuwa kipande kizuri, chenye mafuta. Nilikuwa nimeishi Ruiru miaka sita. Nilikila chote, nikasema asante.