Mume Wangu Alinitungia Mtihani wa Uraia Ambao Wamarekani Wenyewe Hawauwezi

Mfiche jina langu, tafadhali, kwa sababu ndugu wengi wa mume wangu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Bukavu, mama wa watoto wawili. Naishi Brussels, upande wa Woluwe, na mume wangu ambaye ni Mkongo mwenye uraia wa Marekani. Kiswahili changu ni cha kwetu, mtanivumilia.

Mume wangu alifika Amerika akiwa mtoto, na wazazi wake wakimbizi. Mama yake alipopata uraia, yeye akaupata bila kuulizwa swali hata moja, kwa kuwa alikuwa bado mdogo. Alinioa, akanipeleka kule, nikapewa kadi ya kukaa. Halafu kampuni yake, ya kule kule Amerika, ikamtuma Brussels, tukaja wote. Nilipomuuliza juu ya uraia wangu, alisema, "Ile examen iko nguvu, chérie. Hata watu wa masomo wanaanguka. Nitakufundisha kwanza. Siku utakuwa tayari tutapeleka dossier ya maombi."

Basi kila Jumamosi baada ya chakula ananikalisha mezani. Nitaje marais wote kwa mpangilio. Nitaje wote waliotia sahihi tangazo la uhuru. Majaji wa mahakama kuu, kila mmoja na rais aliyemteua. Nikikosa mmoja tu, anafunga kompyuta: "Bon, haujakuwa tayari." Watoto wanasikia. Binti yangu alishaanza kuniambia, "Maman, soma." Kazi yangu ni kutunza wazee nyumbani kwao, huko Uccle. Kuna nyanya mmoja Mbelgiji nilikuwa nikimwosha miguu huku nataja marais kimoyomoyo, midomo inacheza, akaniuliza hiyo ni sala gani. Nikamwambia ni ya kuomba karatasi. Akacheka. Miaka ikaenda hivyo.

Pasaka hii wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kututembelea na mume wake, Mmarekani mweupe, mwalimu wa shule, mtu mpole. Jumapili baada ya ibada nikaweka mezani fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Tukiwa tunakula, mume wangu akataka kuchekesha wageni. "Chérie, waonyeshe vile unasoma. Tangazo la uhuru, nani walitia sahihi? Anza." Nikataja watano, wa sita akanipotea. Akatikisa kichwa, akamwambia shemeji yake kwa Kiingereza, "Unaona kazi niliyo nayo."

Yule mwalimu akasema, "Mimi nawajua wawili. Labda watatu."

Wifi yangu akaacha kula. Yeye, wakati mama yao anapata uraia, alikuwa ameshakuwa mtu mzima, kwa hiyo alifanya mtihani mwenyewe. "Hiyo haiulizwaka," akasema. "Wanauliza vitu vidogo, na ukikosa kidogo bado unapita. Ngoja niwaulize ninyi."

Akamuuliza mume wake seneta anachaguliwa kwa miaka mingapi. Akasema minne. Ni sita. Akamuuliza mume wangu, rais na makamu wake wote wakiondoka, nani anashika nchi. Akasema waziri wa mambo ya nje. Ni spika wa bunge. Katiba imerekebishwa mara ngapi? "Kumi," wakasema wote wawili. Ni ishirini na saba. Walicheka mpaka mwalimu akafuta machozi. "Wangenifukuza nchini," akasema, akajiongezea sombe. Mume wangu naye akacheka: "Sisi tuko na uraia tayari, tusomee nini?"

Mimi nilikuwa nawaza Jumamosi zangu zote.

Wifi aliniona uso. Akamgeukia mdogo wake, akaacha Kiingereza. "Weye, dossier yake iko wapi?"

"Bado, yaya," akamjibu dada yake. "Hajakuwa tayari."

"Tayari ya nini? Kampuni ya Amerika ndiyo ilikutuma huku. Bibi ya muntu wa vile anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka. Ulijua?"

Akavuta sahani ya samaki.

"Niko nakuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

Kesho yake wageni walitoka kwenda kutembea mjini, upande wa Chaussée d'Ixelles, nikamfuata mume wangu jikoni. Hakukana. Alisema, "Nimeona wanawake wengi kule. Wakipata ile pasipoti, wanabeba watoto, wanaenda. Nilikuwa nalinda nyumba yangu."

"Mimi nilikukosea nini?"

"Haujanikosea."

"Sasa ulikuwa unaniadhibu juu ya nini?"

Akasema chai inapoa.

Kazi yake hapa imebaki mwaka na kidogo. Ikiisha anarudi Amerika na watoto, maana wao ni raia tangu kuzaliwa. Kibali changu cha Ubelgiji kinasimama juu ya kazi yake, na kadi yangu ya Amerika, wifi anasema, nikizidi kukaa huku bila kufanya kitu nitaipoteza. Mume wangu sasa amekuwa mpole sana. Yuko tayari kutia sahihi popote, wiki hii hii, mradi mama yake asijue alichonifanyia.

Wifi, kabla ya kupanda ndege, alinivuta pembeni. "Funga mdomo. Acha atie sahihi, weye kula kiapo cha uraia, halafu umuache."

Ni dada yake wa tumbo moja aliyesema hivyo. Lakini nikifanya vile nitakuwa yule yule mwanamke aliyekuwa akimwogopa, na maisha yake yote atawaambia watu kwamba aliona mbali. Nikiondoka leo, naondoka bila karatasi ya kukaa Ulaya wala Amerika, na labda bila watoto. Kusamehe nimejaribu. Juzi aliniuliza tu chumvi iko wapi, nikaanza kutaja marais kimoyomoyo kama ni Jumamosi.

Ninyi mnaosoma, hasa mliopita njia hii: nile kiapo nikiwa na nia ya kumuacha, au nimuache sasa, mikono mitupu? Nisaidieni, nifanye nini?