Mguu Peku Juu ya Breki

Usiku ule nililala na furaha ya mtoto aliyenunuliwa nguo za sikukuu. Gari dogo la shemeji yangu Hamisi lilikuwa uani kwangu, limekwisha kutengenezwa, limeoshwa. Injini yake ya zamani ilikuwa haina nguvu kabisa. Kila akipanda nalo kutoka Mombo kuja Lushoto, dada yangu Zaina na watoto walilazimika kushuka kwenye kona za Soni na kutembea, gari lipumue. Mtaa mzima ulikuwa ukimcheka. Nikaitoa injini ile, nikamfungia kubwa, karibu mara mbili yake. Nilikata vyuma na kuchomelea mpaka ikaenea. Jioni nililijaribu kwenye uwanja wa mpira, likachomoka hata mbuzi wakakimbia. Asubuhi wangeteremka nalo wote kwenda harusini Korogwe.

Shemeji alikuwa amenizawadia buti za kazi, zile nzito za kufunga kamba hadi juu. Nilijaribia gari nikiwa nimezivaa, na nililala nimeziweka kando ya kitanda nikizitazama.

Ndipo akaja Fundi Athumani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, wakati wengine wanasema gereji si mahali pa msichana. Tulimzika mwaka juzi. Alikuja amevaa ovaroli safi, imepigwa pasi, kitu ambacho uhai wake wote sikukiona, nikataka kumtania lakini mdomo haukufunguka. Alikuwa peku. Alipita katikati ya vyuma vilivyotapakaa uani bila kutazama chini, wala hakujikata. Akafungua boneti, akaiangalia injini kwa muda mrefu.

"Umefunga vizuri," akasema.

Nilitaka kulia. Alipokuwa hai hakuwa mtu wa kusifu, alikuwa akiguna tu, na sisi wanafunzi wake tuliufurahia mguno ule kama cheti.

Mara hatupo tena uani. Tumo ndani ya gari, mimi nimeshika usukani, yeye amekaa pembeni yangu, magoti yamegusa dashibodi. Tunateremka Soni. Maporomoko ya maji nayasikia lakini siyaoni, ukungu umeshika barabara, na injini yangu inanguruma kwa raha zake. Fundi ananyoosha kidole kwenye kioo cha juu. Natazama. Nyuma wamelala watoto wa Zaina, wote wawili, midomo wazi, mdogo ana kiatu kimoja. Sikujua kama wamo. Nakanyaga breki. Buti inashuka na mguu hausikii kitu, ni kama nimekanyaga godoro. Nakanyaga tena. Kona inakuja.

"Fundi, nisaidie!"

Hageuki. Anatazama mbele, uso umejaa huruma, na huruma ile inanitisha kuliko kona.

Halafu tupo kwenye gereji yake ya zamani, nami ni msichana tena. Gereji ile ilikuwa na desturi yake: gari halikabidhiwi mpaka fundi aliyelitengeneza avue kiatu, akanyage breki kwa mguu mtupu, mwenye gari akiona. Wateja wengine walidhani ni uganga. Fundi alisema mguu ulio ndani ya kiatu hausikii pedali inayozama. Sasa wenzangu wote wamevua, wananingoja mimi. Nainama kufungua kamba za buti. Nafungua fundo, linatokea jingine. Kamba zinazidi kurefuka, nami naona aibu mbele ya watu.

Fundi Athumani akapiga magoti. Mzee mzima, mwalimu wangu, akapiga magoti kwenye oili iliyomwagika, akanifungua kamba taratibu, kama mzazi anavyomvua mtoto aliyerudi madrasa. Akaushika unyayo wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Kupanda umewapa, binti yangu," akasema. "Wape na kusimama."

Niliamka mguu wa kulia umekaza kwenye ubao wa kitanda, umekufa ganzi. Alfajiri ilikuwa inaadhiniwa. Nilikuwa nalia, nikatoka uani hivyo hivyo, peku, kwenye umande. Nikaingia garini, nikakanyaga breki bila kuachia. Mwanzo ilikuwa ngumu. Halafu, polepole, ikaanza kuzama chini ya vidole vyangu mpaka ikagusa sakafu. Breki zilikuwa zile zile za injini ndogo, zimechoka, sikuzigusa hata kidogo. Siku zote zile nilifikiria kwenda tu.

Getini nikasikia sauti. Hamisi alikuwa amevaa shati la harusini. Zaina ameshika begi, na mtoto mdogo ana kiatu kimoja mguuni, kingine kipo mkononi mwa mama yake.

"Shemeji, mbona peku?" Hamisi akanicheka. "Buti zimekubana?"

Nikashuka, nikamwachia kiti. "Vua viatu, shemeji. Kanyaga breki, usiachie."

Akavua huku anacheka. Akakanyaga. Nilimtazama usoni mpaka kicheko kikaisha. Zaina hakuambiwa kitu, lakini alimvuta mwanawe akamtoa mlangoni pa gari.

"Fundi Athumani kasema gari halitoki," nikawaambia.

Wote walikuwepo kwenye maziko yake. Hakuna aliyeniuliza amesema lini.