Titi la Kushoto

Mapacha wangu walizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba tu, msichana kwanza, mvulana akimfuata. Mwanzoni walilishwa kwa mpira wa puani, nami nikawa nakamua maziwa kwenye kikombe, tone kwa tone. Haba na haba hujaza kibaba, husema watu. Aliyesema hivyo hakuwahi kukamua.

Kisha tukahamishiwa chumba cha kangaruu, ambako mama hushinda na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa leso. Wangu walikuwa wawili, nikawagawia: msichana titi la kulia, mvulana la kushoto. Kwetu Meru baba mwenye busara huwakatia wanawe shamba mapema wasije wakagombana, nami nikaona nimefanya la maana. Muuguzi wa zamu ya asubuhi hakupendezwa.

"Mama, wabadilishe. Titi halina mwenyewe."

Nikaitikia, na alipotoka nikaendelea vilevile. Mimi ni mkaidi, sikatai.

Mvulana alinyonya kwa bidii. Dada yake alivuta mara tatu akalala. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani Timau, kwenye ile baridi, niliendelea kuwabeba kifuani chini ya sweta. Wiki ya pili, asubuhi moja, mvulana alikataa kunyonya. Tukatoka mbio kwenda hospitali, lakini hatukufika naye. Alifia hapo kifuani, upande wake.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Titi lake halikujua, likaendelea kujaa mpaka likawa gumu kama jiwe.

"Mwanangu, mpe huyu aliyebaki," mama mkwe akaniambia.

Nikamjibu vibaya, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Ningempaje msichana mali ya ndugu yake? Nilikuwa nakamua na kumwaga kaburini, kila siku, huku msichana akilia njaa ndani ya nyumba. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Kliniki, nilikoenda na mama mkwe, walipompima walikuta amepungua. Muuguzi wa hapo akasema akipungua tena atarudishwa wodini, kwenye mpira. Halafu akaniuliza kama namnyonyesha matiti yote mawili. Nilimwangalia yule mtoto, mikunjo ya ngozi mapajani, nikaogopa. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Moja ni la marehemu."

Muuguzi hakucheka wala hakunigombeza. Alivuta kiti akaketi karibu nami, akasubiri. Nikafungua blauzi mwenyewe, nikamweka msichana kushoto.

Alinusa, akatafuta, akashika. Maziwa yalimjia kwa nguvu akapaliwa, akarudi tena. Yule mvivu wangu hakulala. Nilimwomba ndugu yake msamaha, kwa sauti, mbele ya foleni nzima ya kina mama, na hakuna aliyeniuliza nasema na nani.

Alinyonya mpaka titi likalainika, likawa tupu. Hapo ndipo nilipojua mwanangu hayupo.