Niliipima Bodi ya Mke Wangu kwa Wivu

Sitafuti pa kujificha. Bodi ya mke wangu haikuwa na shida yoyote, na mimi nilijua.

Sote wawili ni mainjinia. Tulifanya kazi kwa kampuni moja ndogo Westlands, tukitengeneza bodi za umeme za vifaa vya hospitali. Nitamwita Mueni, si jina lake. Mimi ndiye nilimtafutia hiyo kazi. Mimi ndiye nilimwonyesha kutumia skopu, ile mashine inayochora ishara za umeme kama mawimbi kwenye kioo.

Halafu akanipita.

Bosi akawa anapita meza yangu akienda yake. Wateja wakanijua kama bwanake Mueni. Jioni tukinunua mboga Adams Arcade, ananisimulia bodi yake mpya, yenye kasi kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Mimi najibu "mm" tu, roho inachomeka. Ningemwonea mwanaume mwingine wivu, ningeeleweka. Lakini wivu wangu ulikuwa kwake yeye mwenyewe. Ningemwambia nani?

Bodi ilipokamilika, bosi akasema niipime mimi, ili Mueni asijipimie kazi yake.

Kifaa cha kupimia cha skopu huwa na waya wa graundi, ule unaoshikizwa upande wa sifuri wa bodi. Ishara zikiwa za kasi, waya huo lazima uwe mfupi kabisa. Ukiwa mrefu, wenyewe unaleta mtetemo, na kwenye kioo utadhani ishara imefika mwisho wa njia yake ya umeme kwenye bodi, ikagonga na kurudi. Kumbe bodi ni nzima.

Nikaweka waya mrefu.

Wimbi likatoka limejaa meno. Nikamwita bosi. "Ishara zinarudi nyuma," nikamwambia. "Amekosea kuchora njia."

Mueni alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuangalia hata nilivyopima. Aliniamini, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Mradi nikapewa mimi. Yeye akarudishwa kukagua bodi za zamani. Nyumbani akaacha kuongea habari za kazi. Siku moja nilimsikia akimwambia mamake kwa simu, "Labda sina kichwa ya hii kazi, mwaitu." Nilikuwa hapo mlangoni. Ningesema ukweli hapo hapo. Nikaenda kuosha gari.

Bodi niliyoiita yangu, karibu njia zote nilinakili kwake. Siku ya kumwonyesha bosi nikapima kwa waya mfupi, wimbi likatoka safi. Mueni alikuja kuangalia. Akainama, akatambua njia zake. Kisha akauona ule waya.

"Baba Mwende," akasema polepole, "yangu ulipima na waya gani?"

Bosi akanigeukia.

"Mrefu," nikasema.

Mueni hakunipigia kelele. Alichukua mkoba wake akatoka. Mimi nilifutwa kazi. Yeye aliombwa arudi kwa mradi wake, akakataa, na sasa ameajiriwa kwingine na watu wanamheshimu. Bado naona wivu, siwezi kudanganya. Lakini nauona kwa mbali, kama mtu asiye na haki nao.

Tunaishi pamoja Muthangari kwa sababu ya mtoto wetu, Mwende. Juzi Mueni alikuwa amekwama na bodi fulani mezani. Nikamwuliza kama nimsaidie kupima.

"Acha tu," akasema. "Nitatafuta mtu."

Kama unamwonea wivu mtu unayelala naye, mwambie, hata kama ni aibu. Mimi niliikwepa hiyo aibu. Siku hizi nikimwambia Mueni gesi imeisha, anainuka kwenda jikoni kuwasha mwenyewe, ahakikishe.